Vibonge Tisa

Daktari wa Kaolack alimtaka ataje
kila kiingiacho sufuriani.
Shangazi Sokhna Thioub akataja
kama aitaye wanawe waje kuoga:
mafuta, kitunguu, nyanya ya kopo,
chewa aliyechanjwa na kushindiliwa pilipili,
muhogo, kabichi, chenga za mchele.
"Na vibonge vya mchuzi?"

Akautazama mkono wake
uliobanwa na kitambaa cha kupimia presha.
"Vitatu."
Mimi mpwawe, mshika kadi ya kliniki,
nilikohoa.
"Vitano."
Nikakohoa tena.
"Tisa! Lakini sufuria ni ya watu kumi na wanne."

Mtaani kwetu kila mtu ana udaktari wake.
Muuza mkaa aapa kwamba vyaua nguvu za kiume;
ana watoto kumi na mmoja, na kila mchana avila.
Fundi cherehani asema ni mifupa,
mifupa ya nini hasemi.
Birame, asomaye kemia Dakar,
asema kile kiletacho utamu
kimo ndani ya nyanya, ndani ya samaki mkavu,
ndani ya maziwa ya mama:
"Sote tulikinyonya kabla ya kuota meno."
Wapo wanaodai kichwa chawagonga wakishakula;
wamepimwa, wamepimwa tena,
na wapimaji bado wanavutana.
"Chumvi," asema Birame, "hesabuni chumvi kwanza,"
na nyuma yake, ng'ambo ya mto,
vilima vyeupe vya chumvi vyangoja malori.

Shangazi akarudia netetu,
zile mbegu nyeusi zilizochachuka
ambazo bibi yake alizifunika kwa magunia.
Nyumba nzima ilijua.
Ndella, wa miaka minne, aliuliza
ni nani aliyefia jikoni.
Watoto wakala ukingoni mwa sinia,
wakauacha mchuzi katikati kama dimbwi.
Shangazi alikula amefumba macho.
"Hivi ndivyo mikono ya mama ilivyonuka," akasema,
na hakuna aliyemjibu.

Siku ya kumi, sinia likarudi limelambwa.
Ndella alinyonya vidole kimoja kimoja,
akaanza upya na kidole gumba.
Nikajua.

Jioni nafua nguo, nakuta fundo
kwenye pindo la kitambaa chake cha kujifunga.
Nalifungua: karatasi za rangi ya dhahabu,
zimekunjwa ndogo, ndogo kama hirizi.
Nne. Tangu Jumatatu, na leo Alhamisi.
Kimoja kwa siku.
Kimoja, kwa watu kumi na wanne!
Nikalifunga fundo lilivyokuwa,
nikaanika.

Mwezi uliofuata presha ilikuwa imeshuka kidogo.
Daktari akachukua kalamu, akauliza tena,
na Shangazi akautazama ukuta.
"Hata kimoja," akasema.

Kikohozi kikanijia,
cha kweli safari hii, cha vumbi la njiani.
Nikakimeza.