Pengo la Uzi

Kilinifikia Jumanne, kinywa cha jasi ndani ya boksi la viatu,
na karatasi ya Daktari Halszka:
Bi Genowefa Pietrusiak, miaka sabini na mmoja.
Juu, mbele, kushoto: mawili hayapo.
Nipangie daraja.

Nje, Łódź ilikuwa na theluji chafu na tramu zenye kikohozi.
Ndani, mimi na taya lisilo na mwenyewe.

Daraja huanza na nguzo, si na njia.
Huku chonge: mzizi mrefu, mkaidi,
jino la kukabidhiwa mzigo ukalala usingizi.
Kule jirani wa pengo, jino zima,
ila lacheza kidogo likiguswa,
kama mgeni asiyejua akae au aage.
Nikapima picha ya mionzi kwa rula,
mfupa uliobaki, mfupa uliolika.
Nguzo mbili, meno manne.
Nikaandika: tuongeze nguzo ya tatu.
Halszka akapiga simu:
"Nisage jino jingine zima kwa sababu ya hofu yako?"
Tukanyamaza, kila mtu na ncha yake ya waya.
Nikalifuta neno. Nikaliandika tena, kwa penseli.

Kisha ikaja picha.
Bibi aliileta mwenyewe, kitambulisho cha kiwanda cha pamba,
mwaka wa themanini na nne: anacheka,
na kwenye ncha ya jino lile lililopotea
kuna mkwaruzo, kijipengo cha upana wa uzi,
kilichochimbwa na miaka ya kukata nyuzi kwa meno.
"Nirudishieni na hicho," alisema.
"Hapo ndipo uzi unapojua njia."

Wasemao jino la pembe si dawa ya pengo
hawajawahi kuombwa jino pamoja na pengo lake.

Nilikichonga kwenye nta, kwa kisu cha moto,
saa nane usiku, redio ikisoma habari za barafu.
Halszka akageuza nta mwangani, akatikisa kichwa.
Kaure haina subira ya mfupa, alisema.
Ufa utaanzia hapo hapo.
Alikuwa na haki. Nilichukia kwamba alikuwa na haki.
Basi nikaziba, nikapaka kivuli mahali pake,
rangi ya chai iliyopoa, unywele mmoja wa brashi,
nikitazama kwenye dirisha la kaskazini,
maana taa hudanganya.

Siku ya kujaribisha alihesabu kwa sauti
sitini na sita, ambayo kwa Kipolandi ni nambari ya upepo mtupu.
Upepo ukavuja. Tukasugua kidogo. Akahesabu tena.
Ukakaa.
Akatoa uzi mweusi mfukoni, akauma.
Uzi ukateleza. Akauma tena.
Akautazama ule uzi, akatutazama sisi.

Halszka akampa uzi mwingine, mweupe, wenye nta,
wa kupitisha chini ya daraja kila usiku,
pale tulipoacha nafasi kati ya kaure na ufizi.
Tulijiandaa kumwelekeza.
Bibi akaulowesha kwa ulimi, akaupindapinda,
akaupenyeza mara moja, bila kioo,
kama tundu la sindano.

"Kumbe umehamia chini," akasema.

Faili lake liko rafuni. Kila baada ya miezi sita nalifungua.
Lile neno la penseli, tatu, bado lipo.
Sijalifuta.