Madirisha Yenye Tokeni

Saa nane usiku, Pipeline, ghorofa ya sita,
nayahesabu madirisha ya fleti iliyo mbele:
wenye tokeni, wasio na tokeni.
Kumi na tisa yanawaka kati ya mia na ushee
na bado naliona jengo lote,
ngazi zake, tangi juu ya paa,
hata pale lilipopinda kwa haraka ya mwenye ploti.

Ndivyo nilivyomweleza Ondieki mwezi Machi,
tulipokuwa na vihisi elfu moja na ishirini na nne
juu ya kibao cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba
na waya za kutosha robo tu.
"Basi tuwashe kimoja, turuke kimoja," akasema,
"kwa marefu na kwa mapana, kama mahindi shambani."
Tukawasha. Ndani ya beseni la maji
tulikuwa tumetumbukiza uzi mmoja wa katani.
Kiooni zikatokea nyuzi tano.

Safu zilizonyooka mno huzaa mizimu.
Tukavitawanya upya, kama mbegu usoni mwa alizeti,
kila kihisi na umbali wake kutoka kwa jirani,
na zile nyuzi nne za uongo hazikufa:
zilisagika, zikawa vumbi jembamba nyuma ya picha.
Vumbi tunaliweza.

Iliyobaki ni kazi ya kusubiriana.
Mwangwi hauvifikii vyote kwa pamoja;
cha katikati huupata mapema, cha pembeni huchelewa
kwa kipande cha sekunde ambacho kwetu hakina jina.
Mama alikuwa hapakui hadi Nzioka afike kutoka Mwiki.
Sufuria imefunikwa, sisi tumenuna,
naye anakuja saa tatu, viatu mkononi, akicheka.
Nikaandika hivyo hivyo ndani ya programu:
aliyetangulia ashikwe, wa mwisho angojwe,
kisha sauti zote zijumlishwe mara moja.
Kwa kila nukta. Nukta milioni. Mara ishirini kwa sekunde,
maana moyo si mama,
haungoji.

Kifaa nimekibeba nyumbani katika mfuko wa unga,
kinyume cha barua niliyotia saini.
Uniti zimebaki mbili na nusu.
Nimejipaka jeli, baridi yake imenishtua,
nikakibana kati ya mbavu
na nikauona:
ngumi inayofumba na kufumbua,
si kipande kilichokatwa kama mkate, kizima,
naweza kuuzungusha kwa kidole nikauchungulia kwa nyuma.
Na ukingoni mwa vali, doa jeupe.

Nzioka alikuwa na doa.
Maumivu ya koo ya utotoni yaliyoteremka moyoni,
ndivyo tulivyoambiwa, baadaye, na mtu aliyekuwa akitazama saa.
Kadi yake ingali ndani ya Biblia ya mama:
*Kipimo cha moyo, tarehe 9 Novemba.*
Tulimzika Wamunyu, tarehe kumi na nne Oktoba.
Maisha yake yote alichelewa.
Mara moja tu alitangulia,
na hakuna aliyemshika.

Nikageuza kihisi robo duara.
Mzimu huhama na kihisi, nyama hubaki na mwili,
hilo nimelifundisha wanafunzi kwa sauti kavu ya chokaa.
Mkono wangu ulitetemeka, picha nayo ikatetemeka.
Doa likajivuta kando,
likakonda,
likaingia katika vumbi.

Nikachukua daftari, nikaandika:
*mzimu, upande wa kushoto, kosa la mtawanyo, hamisha vihisi kumi na viwili.*
Sikuandika kitu kingine.
Jeli ilikuwa inakauka na kunivuta ngozi,
mita imeanza kulia mlangoni,
na ng'ambo, mtu wa zamu ya alfajiri ameamka:
dirisha la ishirini.