Panya wa Kvívanes

Septemba, Visiwa vya Faroe, mvua ya ubavu.
Sunnvá amepiga magoti kwenye zizi la mawe,
anafungua mtego: uji wa shayiri, na ghadhabu.
Panya wa mia mbili na sita.
Gramu thelathini na moja.
Baka jeupe katikati ya kipaji.
Anaandika kwa penseli. Wino huku hulia.

Walifika lini, hakuna ajuaye.
Labda ndani ya robota la nyasi kavu,
mashua ikihamisha ng'ombe mmoja kutoka kisiwa cha pili.
Watano? Saba?
Jike mmoja mwenye mimba angetosha.
Na kama jike huyo alikuwa na baka,
basi kisiwa kizima kikapakwa chokaa.

Usiulize faida yake.
Baka halizuii baridi, halitishi kunguru,
haliongezi hata punje shimoni.
Ni kama jina la ukoo lililobaki kijijini
kwa kuwa nyumba ya jirani ilizaa mabinti watupu.
Penye wachache, bahati ina sauti nene.
Penye maelfu, hunong'ona.

Kisha mlinzi wa mnara wa taa akaleta paka.
Watu husema panya walijifunza mbio.
Sunnvá hutikisa kichwa:
hakuna aliyejifunza kitu.
Paka aliwala waliokawia,
na waliosalia wakazaa wenye miguu kama yao.
Ufundi wote ni huo,
na muda, muda, muda.

Jioni anavua buti, anafungua daftari la kanisa.
Hanus kamwoa Billa,
Billa mjukuu wa Hanus mwingine,
majina manane yakizunguka
kama wacheza duara katika chumba kidogo,
mkono ukiachwa huku, unashikwa kule.

Kaka yake, Beinir, alikuwa na miezi kumi na minne.
Alilala na mafua, hakuamka.
Mama alililaumu dirisha.
Baba akalipigilia misumari.
Miaka thelathini baadaye tone la damu la wazazi likasema:
nakala moja yenye kasoro kwa mama,
nakala moja kwa baba,
na zote mbili, ukifuata nyuma ukurasa kwa ukurasa,
zinaishia kwa bibi mmoja
aliyeshuka ufukweni mwaka daftari linapoanza,
mzima wa afya, sketi imelowa,
akitafuta pa kuwasha moto.
Hakuna aliyekosa. Hata dirisha.

Sunnvá naye anayo, moja.
Imekaa kimya ndani yake
kama mgeni aliyesahau alichojia.

Jumapili walimbatiza mtoto wa mpwa wake.
Mama wa mtoto ni Rosalinda, wa Iloilo,
anayesema baridi ya hapa ina meno ya mtu.
Mchungaji alifika kwenye jina la bibi wa mtoto,
kalamu ikasita.
"Linaandikwaje?"
Rosalinda akamtajia herufi moja moja,
kanisa zima likisikiliza
kama watu wanaohesabu chenji.

Jumatatu, mtego wa chini, karibu na gati.
Panya wa mia mbili na saba.
Hana baka.
Pengine ni wa gunia la viazi, la feri ya Alhamisi.
Gramu ishirini na nne, na kidole cha Sunnvá kinatoka damu.
Anaandika "hana",
anaipigia mstari chini,
anamwachia.
Majani yanafunga mlango.