Upepo Nao Una Zamu

Mimi Ambani nalinda ghala la saruji
kando ya reli ya zamani, Kisumu.
Rungu, tochi, koti lisilonitosha mabega.
Daftari la zamu lina safu tatu:
saa, tukio, sahihi.
Usiku mwingi tukio ni lile lile: hakuna.

Basi nikaanza kuandika moshi.

Saa moja jioni moshi wa jiko langu huelekea milimani,
umeinama, kama mtu aliyeambiwa harakisha.
Saa nne husimama wima, haujui pa kwenda,
na hapo ndipo mbu huniona.
Saa saba usiku umeshageuka:
unashuka ziwani, unaingia gizani upande wa maji
bila kuaga.

Miezi minne. Msimamizi, Odenyo, akafungua daftari:
"Moshi nao ni tukio?"
Ilikuwa mchana, nimekuja kufuata mshahara.
Nikamwambia, weka kiganja kwenye bati hili.
Akaruka.
Sasa tumbukiza mkono ndani ya pipa.
Akatulia.
Jua ni moja, nikasema, limewapiga wote wawili tangu asubuhi.
Bati hukasirika upesi, na upesi husamehe.
Maji huchelewa kukasirika,
lakini kinyongo chake hukesha.
Nchi kavu ndiyo bati, ziwa ndilo pipa.
Mchana hewa ya nchi hupata joto, hupanda,
na ya ziwani huja mbio kushika nafasi yake;
usiku wanabadilishana lango, kama mimi na Shivachi.

Odenyo akafuta mkono kwenye suruali, akatia sahihi.
Tangu siku hiyo hakuuliza makaa yanakwisha vipi.

Binti yangu Khavere huchuma chai kule Nandi Hills.
Hunipigia saa kumi alasiri, ndiyo kwanza naamka.
"Baba, yameanguka tena. Safari hii kama mayai ya kwale."
Majani yametoboka, kapu halijafika nusu,
na anayelipwa kwa kilo hana wa kumdai huko juu.

Sikumwambia kwamba mawe hayo nayajua.
Niliyaona yakiondoka.
Asubuhi, nikitoka zamu, yalikuwa ukungu juu ya magugu-maji,
hayana hata uzito wa kulowesha kola.
Upepo wa mchana ukayachukua,
ukapita nayo juu ya mpunga wa Ahero.
Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu;
hawakusema mvua ya nani.
Watu wa Kano walisimama na majembe wakilitazama wingu
kama mgeni anayeulizia nyumba ya jirani.
Kisha mlima. Hakuna njia ila juu.
Likapanda, likapanda, hadi kwenye baridi isiyo na mtu,
na humo tone likaganda, likaanguka, likarushwa tena,
kila mara likivaa koti jingine la barafu,
mpaka hewa ikachoka kubeba.

Siku chache baadaye mto Nyando huyarudisha,
rangi ya chai ya maziwa:
ndala moja, kijiti, udongo wa shamba analochuma mwanangu,
hadi ghuba hii hii.

Lakini nina jambo jingine, sijamwonyesha Odenyo.
Mwaka wa kwanza moshi uligeuka saa saba.
Mwaka jana, saa nane.
Mji umeota ghorofa; usiku wa manane naegemea ukuta mpya
nao bado una joto la mchana, kama mgonjwa.
Mimi si mtaalamu. Huenda ni jiko langu, huenda ni macho.
Ila kila alfajiri lori huja,
nami huyafungua malango kwa mkono huu,
nahesabu mifuko mia sita ya saruji ikitoka.

Saa: tisa kasorobo.
Tukio: moshi umegeuka.
Sahihi: Ambani.