Muhtasari wa Kikao cha Tatu

Waliohudhuria: kumi na wanne.
Wasiohudhuria kwa udhuru: Bwana Mwarami, na mvua.
Naandika mimi, katibu, kwa kalamu inayokohoa,
darasa la tatu B, Zingiziwa,
magoti yakigota chini ya dawati la mtoto.

Afisa misitu amekuja na ramani.
Msitu wake ni wa kijani, mpana, umenona,
msitu wa mwaka nilioolewa.
Tukatazamana. Nani amwambie
kwamba kijani chote cha magharibi
kilishapanda pikipiki, gunia kwa gunia,
kikaenda kukaanga chipsi Buguruni?

Akasimama Chaurembo.
Chaurembo wa tanuri, tuliyemtoza faini mara mbili.
Akatoa kipande cha mkaa mfukoni
(mfukoni! kama mwingine abebavyo tasbihi)
akachora ukutani msitu uliobaki:
hapa misandarusi saba, wa nane una mchwa;
hapa mkongo, msiuguse,
hondohondo jike kajifungia ndani kwa udongo;
hapa chemchemi, siku hizi Januari hukauka;
hapa, akanyamaza kidogo,
hapa nilikata mimi.

Kipengele cha nne, matumizi.
Kuni kavu, Jumanne na Ijumaa,
mzigo wa kichwani, si wa baiskeli.
Mizizi ya dawa: upande mmoja tu wa mti, na shimo lifukiwe.
Siwazuri akauliza: na aliyefiwa Jumatano?
Ubwabwa wa matanga haungoji Ijumaa.
Tukabishana hata kivuli cha mlingoti kikafika mlangoni.
Nikaandika: msiba hauna siku.
Afisa akasema hiyo si lugha ya mpango.
Nimeiacha.

Chakula cha mchana kilipikwa kwa mkaa.
Sijaandika wa wapi.

Doria: watu sita, viatu jozi mbili.
Muda wa mpango: miaka kumi.
Hapo nilisita, nikahesabu vidole:
sabini na moja, nikijaliwa.
Mkongo hauhesabu hivyo.
Ukipandwa leo, atakayeuegemea
hajapewa jina, na bibi yake pengine
ndiye mwenye dawati hili,
aliyechonga herufi M kwa ncha ya bikari, ikapinda.

Ikapendekezwa Chaurembo aongoze doria.
Wakacheka. Kisha hawakucheka.
Mikono iliyonyooshwa: kumi na miwili.
Chaurembo hakupiga kura, alikuwa akiutazama ukuta.
Mmoja alikataa.
Kalamu ni yangu; sitasema nani.

Mengineyo: mwalimu mkuu anataka ukuta usafishwe
kabla ya Jumatatu.

Kikao kilifungwa saa kumi na nusu.
Nilibaki kunakili,
kidole kikifuata mstari, mstari ukihamia kidoleni,
hata nilipofika chemchemi sikujua tena
kama maji yanapita kulia kwa mkongo au kushoto.
Nimeweka alama ya kuuliza.
Kesho alfajiri, mimi na Chaurembo,
tutakwenda kuangalia.