Ngazi za Kuuza

Jengo letu la Kutaisi lina ghorofa tisa
na lifti yake inakula sarafu.
Utie tetri ishirini kitunduni, ndipo mlango ukohoe,
ndipo nyaya zianze kulalamika.
Asiye na sarafu ana ngazi.
Ngazi ni bure, zina giza, zinanuka kabichi na paka.

Jana usiku nilibaki jikoni na simu ya mama;
yeye yuko zamu, anatoa mikate tanurini.
Swali la kumi na moja:
tatu mara mabano, eksi toa mbili, funga mabano,
jumlisha tano,
sawasawa na eksi mbili kujumlisha saba.
Nikalipiga picha.
Programu haikupepesa hata kope:
eksi ni nane.
Na chini yake, kitufe cha kijani:
Tazama hatua. Lari tisa kwa mwezi.

Nikacheka peke yangu hadi birika likanishangaa.
Kumbe huku kileleni ni bure, ngazi ndizo zinauzwa!
Wamenitua ghorofa ya nane,
mlangoni kwa Bi Tsiala na mbwa wake asiyelala,
kisha wananidai nauli
ya kujua nimefikaje.

Na Mwalimu Eteri hadanganyiki.
Jibu lililokuja uchi hulizungushia wino mwekundu,
huandika pembeni: "Uliingilia dirishani?"

Basi nikachonga penseli.
Nikafungua mabano, nikahamisha, nikageuza alama,
nikapata nne.
Nikafuta, nikarudia.
Nne tena,
nne iliyoketi ikakunja nne, haina habari na mtu.
Nikasema, mashine imekosea!
Kwa dakika tano nilikuwa mtoto mwenye akili kuliko wote
kutoka hapa hadi daraja la Mto Rioni.

Kisha nikaipima, kwa shingo upande.
Nne upande huu: kumi na moja.
Nne upande ule: kumi na tano.
Nane huku, ishirini na tatu.
Nane kule
ishirini na tatu.

Dakika tano zangu zikaisha.

Nikarudi nyuma mstari kwa mstari, kama anayetafuta hereni,
na nikamkuta mkosaji mlangoni pa mabano:
ile tatu.
Iliingia, ikampa eksi mkono,
ikampita mbili kana kwamba ni kiti.
Nyumba ya watu huingii ukasalimia mmoja!
Rudi, nikaiambia, msalimie na huyo aliyekaa pembeni.
Mbili ikawa sita.
Sita ikaburuta tano, ikabaki moja yenye deni,
na moja ikavuka upande wa pili deni limefutwa,
ikakaa na saba.
Nane.
Nikaiandika polepole, sikutaka iishe.

Swali la kumi na mbili nalo nililipiga picha, sitakuficha.
Ila jibu nililifunika kwa kidole gumba
na kidole kikafa ganzi kabla sijafika.

Alfajiri nilisikia viatu vya mama ngazini.
Alipumzika ya tano. Alipumzika ya saba.
Mbwa wa Bi Tsiala akabweka.
Akaingia akihema, mkate bado moto kwapani,
"Lifti mbovu?" nikauliza.
"Nzima," akasema,
akaweka tetri ishirini juu ya daftari langu,
juu ya ile sita,
akaenda kuvua viatu.