Alama za Beseni

Kocha Mbwarali amekaa na kalamu, daftari pajani.
Ligi imekwisha, Nyota ya Bokole tumemaliza wa tisa.
Huyu ampa sita, yule saba na nusu,
na vijana wamemzunguka kimya
kama wangojao majibu ya mtihani.

Mie simo. Mie mfuaji tu.
Lakini jezi ishirini na mbili, wiki thelathini,
zimepita mikononi mwangu na katika maji ya kisima,
maji ya chumvi yasiyotoa povu hata ulie,
na jezi haijui kujisifu.
Basi nami n'tatoa zangu.

Kipa, Kazungu. Mabao arubaini na moja yalimpita,
mkamwita pakacha.
Viwiko vyake nilivishona mara kumi na tatu,
kwa uzi mweusi, kisha wa buluu,
kisha uzi wowote uliokuwako nyumbani.
Asiyeruka hachani viwiko.
Nane. Hayo mengine waulizwe waliosimama mbele yake.

Nambari kumi, Twalib, huyo mnayemwimba:
jezi yarudi yanukia marashi,
kola kavu, mgongo mkavu.
Mabao kumi na sita, sikatai, mie si kipofu.
Nilikuwapo siku ile ya Mtongwe
alipowaketisha mabeki chini kama waalikwa wa harusi.
Lakini masika, uwanja wa Changamwe umekuwa bwawa,
wenzake wameniletea tope la kufinyangia chungu,
yeye kaleta tone moja, la begani,
nalo la kurushiwa.
Sita. Akinuna na anune, ajifulie.

Damu hutolewa kwa maji baridi, ya moto huigandisha.
Hilo kanifunza mama mkwe, wala hakuwa akisema mpira.
Nahodha Famau kanifanya nilikumbuke kila Jumapili:
soksi ya kulia, kifundoni, pale pale,
na harufu ya dawa ya kuchua isiyotoka hata kwa ndimu.
Tisa.
Ya kumi nimemnyima kusudi. Mtu asiyejua kupumzika
mwisho hupumzishwa.

Mwadime, beki wa kushoto, sijui nimuweke wapi.
Mwanzo jezi yake ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote,
majani yameng'ang'ania mbavuni.
Kuingia Februari ikaanza kurudi safi.
Mkasema kavimba kichwa.
Siku moja nikageuza soksi, ndani mna karatasi
imekunjwa mara nne: risiti ya hospitali ya Makadara,
jina la mwanamke, ubini wake yeye.
Nikaianika juu ya ukuta, nikaiwekea kijiwe.
Jioni nikampa. Hatukusemezana.
Huyo simpi nambari. Kocha kampa nne.

Wengine nimewasahau, au wamenisahau.
Wa katikati wale, Katana na Shee, watano watano,
jezi zao sikuweza kuzitambua ila kwa nambari.

Amebaki Chidzuga, kumi na saba.
Wiki ishirini na tisa nimefua jezi isiyo na uchafu,
maana mwenziwe zimefuliwa, nayo ina haki yake.
Kila Jumapili ndiye aliyenisukumia mkokoteni
na madumu mawili ya maji matamu ya kusuuzia,
hakutumwa na mtu, hakudai hata chai.
Mechi ya mwisho, tushafungwa matatu, kocha akamtia.
Dakika nne.
Aliugusa mpira mara mbili, ya pili akateleza.
Akaja na bukta mkononi, doa pajani kadiri ya shilingi,
akasema, "Bi Mwanarusi, hilo usilitoe lote."

Nachungulia daftari la kocha:
mbele ya jina lake kuna kistari.
Hakucheza vya kutosha kupimwa.

Haya.
Kamba imejaa, upepo umeshika mikono mitupu ya jezi.
Kocha, ukimaliza hesabu zako,
liko deni la sabuni, miezi miwili.